Leta si baba yetu

Sisi Wakongo tuna majina mawili ya serikali ambayo vitabu vya shule havituelezi vizuri. La kwanza ni Bula Matari, mvunja-mawe. Watu wa Kongo ya chini walimpa Stanley jina hilo alipokuwa anapasua miamba kutengeneza njia kando ya mto. Kisha jina likahama kutoka kwake, likawa la utawala wote wa wazungu, kila afisa na kila askari wake. La pili ni Leta, ambalo tumelitoa kwa Kifaransa. Kazi ya Leta, barabara ya Leta, lopitali ya Leta. Angalia vizuri: hakuna jina hata moja kati ya hayo linalomaanisha «sisi». Bula Matari ni nguvu inayopasua. Leta ni kitu fulani kinachokaa mbali, hakina mwenyewe, na mtu akipata nafasi anakata kipande chake.

Na kwa Kiswahili leta ni amri pia: leta maji, leta kiti. Basi sisi tunaiambia Leta «leta», nayo kila siku inatuambia «leta». Historia ya nchi yetu karibu yote iko ndani ya mchezo huo wa maneno.

Nimeandika hii juu ya mabishano ninayoyasikia kila mara kati yetu, wenye diploma na wale walio bado chuoni. Upande mmoja unasema: Leta ni mzazi wetu, inapaswa kutupa kazi, dawa, maji na umeme, na ikishindwa ni mzazi mbaya. Upande mwingine unasema: Leta haikunipa kitu, nilijisomesha mwenyewe, basi siidai na isinidai. Hawa wa pili wanaishi kwa ile «Article 15» maarufu, jitafutieni, ambayo haiko katika katiba yetu lakini kila mtoto anaijua kuliko zile zilizomo. Mimi naona pande zote mbili zinasahau kitu kimoja. Kati ya mtoto anayelia na mtu anayejitafutia peke yake kuna mtu wa tatu: aliyefanya mapatano. Huyo njo mwenye haki ya kudai.

Wengi tulisoma mkataba wa jamii katika darasa la mwisho la sekondari kwa kukariri tu. Majina matatu, tarehe tatu, mtihani umekwisha. Hobbes, 1651: Uingereza imetoka kuchinjana katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, na yeye anasema watu wanamwachia mtawala nguvu zao ili wasiuane. Locke, 1689: mapatano ni juu ya kulinda maisha, uhuru na mali, na serikali ikiyavunja wananchi wanaweza kuiondoa. Rousseau, 1762: mwenye enzi ni wananchi wenyewe kwa pamoja. Sawa. Lakini kuna jambo ambalo kukariri hakutuonyeshi. Adui wa kwanza wa Locke na Rousseau alikuwa ni picha ya mtawala kuwa baba.

Locke aliandika vitabu viwili juu ya utawala, na sisi sote tunataja kile cha pili. Cha kwanza ni cha kumpinga Robert Filmer, ambaye kitabu chake Patriarcha kilichapwa 1680 baada ya kifo chake. Filmer alisema mfalme anatawala kwa mamlaka ya baba, iliyoanzia kwa Adamu. Locke akajibu: kwanza, mamlaka hiyo mama naye anayo, pili, inakwisha mtoto akikomaa, tatu, haina uhusiano na mamlaka ya serikali, ambayo ni kati ya watu wazima. Rousseau naye, mwanzoni kabisa mwa kitabu chake, anakubali kwamba familia ni jamii ya zamani kuliko zote, halafu anasema mtoto amefungwa kwa baba wakati anamhitaji tu. Baadaye, wakiendelea kukaa pamoja, ni kwa kupatana.

Shika hilo, kisha rudi nyumbani.

Mikataba ya kwanza ya nchi hii ilikuwa karatasi za kweli. Miaka ya mwanzo ya 1880, Stanley na wenzake walipita kijiji kwa kijiji wakikusanya alama za machifu chini ya maandishi ambayo machifu wenyewe hawakuweza kuyasoma. Chifu anapata vitambaa na vitu vingine vidogo. Anatoa ardhi, na katika baadhi ya mikataba anatoa pia kazi ya watu wake na haki ya kutoza ushuru njiani. Karatasi hizo zilimsaidia Leopold II kudai Kongo mbele ya mataifa ya Ulaya. Tarehe 1 Julai 1885 ikatoka amri kwamba ardhi isiyo na mtu ni ya serikali. Shamba lililopumzishwa, pori la kuwinda, msitu wa kutafutia mpira, vyote vikahesabiwa kuwa vitupu. Rousseau alikuwa amekwisha kuandika, zaidi ya miaka 100 kabla, kwamba mapatano ambapo upande mmoja unachukua vyote na mwingine unatii tu si mapatano. Yaliyofuata, mpira na mikono iliyokatwa, mnayajua, sitayarudia.

Mimi nataka tukae zaidi Katanga, juu pale njo tulijifunza kumwita bwana wetu baba.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906. Miaka ya kwanza wafanyakazi walikuwa wa kupita. Waliletwa kutoka vijiji vya mbali, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, baadaye hata kutoka Ruanda-Urundi. Wakakaa miezi, wengi wakafa kwa magonjwa, wengine wakatoroka. Kumtafuta mtu mwingine na kumsafirisha ilikula falanga nyingi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikabadilisha siasa yake. Sasa mfanyakazi asaini miaka mitatu, aje na mke wake, apewe nyumba kambini, apokee poso yake ya chakula, watoto wapimwe uzito kwa kliniki, wasome kwa wamisionari. Mahesabu yake ni rahisi: mtoto anayezaliwa kambini ni mfanyakazi wa kesho ambaye hakuna haja ya kumlipia usafiri.

Nasema hivyo bila kudharau. Vifo vilipungua kweli. Watoto walikula kweli, walisoma kweli. Wazee wengi wa Likasi, Kolwezi na Kipushi wakiwasimulia wajukuu wao maisha ya kambi, macho yanang'aa, na hawadanganyi. Lakini tuulize: ile ilikuwa haki ya nani? Chakula kilipimwa kwa ukubwa wa familia, nyumba ilikuwa ya kampuni, na mtu akifukuzwa kazi anatoka na mke, watoto na vyombo siku ileile. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa sauti. Baba njo anajua mtoto anahitaji nini.

Sasa Desemba 1941. Vita ya Ulaya inataka shaba, bei sokoni zinapanda, mshahara uko palepale. Wafanyakazi wanagoma. Tarehe 9 wamekusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Gavana wa jimbo, Amour Maron, anakuja na wanajeshi. Msemaji wa wafanyakazi, Léonard Mpoyo, anauawa pale, na makumi ya wenzake pamoja naye. Kosa lao lilikuwa nini? Walidai mshahara. Yaani siku hiyo walizungumza kama upande mmoja wa mapatano, mtu mzima mbele ya mtu mzima. Kuomba kungewezekana, kudai ndiko kulikojibiwa kwa risasi. Kila mara ninapofundisha vijana juu ya Locke na Filmer, mfano wangu ni uwanja ule, kwa sababu unaonyesha wazi mpaka kati ya wema wa bwana na haki ya raia.

Mwanzoni mwa 1967 serikali ya Mobutu ikashika mali ya Union Minière, na baada ya miaka michache kampuni ikaitwa Gécamines. Jina likabadilika, mfuko wa unga ukabaki. Shule, lopitali, timu za mpira, barabara za mji, vyote vilikuwa chini ya kampuni. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka na kulisha sehemu kubwa ya hazina ya nchi. Ndiyo hapo ugonjwa ulipojificha. Hazina inakamua kampuni, mashine hazibadilishwi, madeni yanapanda. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto karibu na Kolwezi ukaporomoka. Miaka ya 1992 na 1993 jirani akamgeukia jirani, na watu wengi sana wenye asili ya Kasai wakafukuzwa Katanga, wengi wao wakiwa wa kampuni au watoto wa kampuni. Hili nalo ni tunda la nyumba ya baba: chakula kikipungua, swali linalozuka ni nani mtoto halali na nani wa kambo. Raia wawili hawawezi kuulizana swali hilo, maana uraia haugawanywi kwa damu ya mgodi.

Mwaka 2003, kwa mpango uliogharimiwa na Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, huku wakidai mishahara ya miezi mingi. Mwanahistoria Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikuwa ametoa kitabu chake juu ya wafanyakazi hao miaka miwili kabla, 2001, na kichwa chake kinasema yote: Bana Shaba abandonnés par leur père. Watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Ni kichwa cha ukweli, na ndiyo sababu kinaniumiza. Mtu aliyeachwa na baba analia, anangoja, anasamehe. Mtu aliyevunjiwa mkataba anakwenda na karatasi yake mbele ya mwamuzi. Ni kweli wako wazee waliofanya hivyo pia, waliojikusanya na kudai malipo yao kwa jina la sheria, lakini tunawasimulia kidogo kuliko tunavyosimulia machozi.

Kilichofanyika Katanga kwa kampuni, Mobutu alikifanya kwa nchi nzima. Mwaka 1967 alianzisha MPR, na katiba ilivyogeuzwa 1974 chama kikawa ndiyo serikali, na kila Mzaire mwanachama wake tangu kuzaliwa. Tangu kuzaliwa, bwana! Locke alisema kinyume chake kabisa: mtoto hazaliwi akiwa wa serikali yoyote, akikomaa anachagua mwenyewe. Kwetu mtoto alikuwa ameshasaini akiwa tumboni. Halafu akawa Baba wa Taifa, na watu wanatoka asubuhi kufagia kwa salongo, kuimba na kucheza kwa ajili ya baba. Sishangai kwamba Leta ilipoanza kukosa falanga, hakuna mtu aliyejisikia kwamba ni nyumba yake inayoungua.

Sasa tuje kwa shule, juu pale mambo yanakuwa magumu kwa nadharia yangu pia.

Serikali ilizitwaa shule za makanisa 1974, ikazirudisha chini ya usimamizi wa makanisa kwa mapatano ya 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ulikuwa umeliwa wote na kupanda kwa bei. Walimu wakagoma, na sehemu nyingi mwaka wa masomo 1991-1992 ukapotea. Hapo wazazi na makanisa wakakubaliana: tutamlipa mwalimu sisi wenyewe. Ikaitwa motivasio. Ilikuwa kwa muda tu. Huo muda ulichukua zaidi ya miaka 25.

Mimi ni wa kizazi cha motivasio. Mnakumbuka namna ilivyokuwa: mwanzoni mwa mwezi mtu anaingia darasani na orodha, jina likisomwa unachukua mfuko wako na kurudi nyumbani. Mama alikuwa anauza mkaa, na sisi watoto watatu tulijua kwa bei ya mkaa nani atasoma wiki hiyo. Alikuwa anasema: «Leta iko wapi? Leta ni mimi.» Alisema kwa kucheka, lakini Rousseau angemwelewa vizuri sana.

Maana ukiangalia, mapatano ya wazazi yalikuwa karibu zaidi na mkataba wa jamii kuliko kitu chochote Bula Matari alichowahi kutuletea. Watu wazima wamekaa kwenye uwanja wa shule, wamechagua kamati, wamebishana juu ya kiasi, wamelipa. Katikati ya vita, wakati serikali haikuwepo katika nusu ya nchi, shule ziliendelea kufunguliwa asubuhi. Nani mwingine Afrika amefanya hivyo kwa muda mrefu namna hii? Hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini ulikuwa mkataba mbovu pia. Kwanza, asiyekuwa na falanga hakuwa ndani yake. Anafukuzwa mbele ya wenzake. Pili, sehemu ya zile falanga haikubaki shuleni. Ilipanda ngazi, ofisi hadi ofisi, kwa karatasi na mihuri, ikalipa mafuta, kalamu na posho za watu wa juu. Mtoto wa darasa la tatu njo alikuwa anailisha Leta. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wenzangu wa «siidai na isinidai». Hakuna mtu aliyejisomesha mwenyewe bila Leta. Tuliilipa miaka yote hiyo, ila bila risiti.

Na karatasi yetu ipo. Desemba 2005 wananchi walipanga mistari, wengine wametembea masaa, wakapiga kura ya ndiyo au hapana juu ya katiba, na ndiyo ikashinda kwa mbali. Ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kura ile, pamoja na kasoro zake, ni sahihi yetu kuliko misalaba ya machifu wa Stanley. Ndani yake kifungu cha 43 kinasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Cha 47 kinataja afya na chakula, cha 48 nyumba ya heshima, maji safi na umeme, cha 52 amani na usalama. Na upande wetu, cha 65 kinatudai kulipa kodi, wakati cha 174 kinasema hakuna kodi isiyowekwa na sheria. Soma hivyo viwili pamoja, halafu hesabu ni «kodi» ngapi ulilipa mwezi huu barabarani na ofisini ambazo hakuna sheria inayozijua.

Najua ndugu zangu wa mashariki watanijibu: wewe unatuambia mambo ya maji na umeme, sisi tunataka kulala tu. Wana haki, na Hobbes yuko pamoja nao. Deni la kwanza la serikali ni kumlinda mtu asiuawe, na Hobbes aliandika wazi kwamba wajibu wa kutii unadumu wakati uwezo wa kulinda unadumu, si zaidi. Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa tangu tarehe 6 Mei 2021, wanajeshi wakashika nafasi za watawala raia, na bado Goma ikaanguka Januari 2025, Bukavu Februari.

Lakini hapa mimi namwacha Hobbes. Ukimfuata mpaka mwisho, anayeshika mji na kuzuia wizi usiku anakuwa mtawala, na wewe unamdai utii. Tunajua mahali inapotupeleka. Masisi na Rutshuru, wenye bunduki walitoza watu kila mwezi na kuwapa jetoni kama risiti, ili mtu apite kwenda shambani kwake mwenyewe. Pale usalama umelipiwa, risiti imetolewa, na huo si mkataba. Rousseau alitoa mfano wa mnyang'anyi anayekukamata msituni: bastola yake ni nguvu kweli, utampa mfuko wako, lakini je, una wajibu wa kumpa kama ungeweza kuuficha? Kila aliyepita kwenye barière zetu ana jibu. Na barière nyingine, tuseme ukweli, wanaosimama pale wamevaa sare ya Leta.

Kwa hiyo sidhani swali letu ni kama Leta ni maskini au tajiri. Ni nani aliyepatana na nani, juu ya nini, na nani anaweza kuuliza hesabu. Wazazi wa kamati ya shule waliweza kuuliza mwalimu mkuu: falanga zetu zimekwenda wapi? Hawakuweza kuuliza ofisi ya juu. Tangu elimu ya bure ianze kutumika, Septemba 2019, mzazi halipi tena motivasio ya shule ya msingi, watoto wengi wakarudi, madarasa yakajaa kupita kiasi, na walimu wengi wasioandikwa bado kwenye orodha ya mshahara wakajikuta hawana mlipaji, si serikali wala mzazi. Na katika shule nyingi kamati nayo imelala, kwa sababu watu wanaona: sasa baba analipa, tuulize nini?

Kifungu cha 43 kiliandikwa 2006. Mtoto aliyezaliwa mwezi uleule katiba ilipotangazwa aliingia darasa la kwanza 2012 na kumaliza la sita 2018, akiwa amelipa kila mwaka kwa kitu ambacho sheria kuu ya nchi ilisema ni bure. Mwaka uliofuata ikawa bure kwa wadogo zake. Wengi kati yenu mnaosoma hapa ni huyo mtoto.